Sheria ya Kibanda Iandikwe kwa Lugha ya Mwenye Kibanda

Asubuhi moja, mama mmoja auzaye uji, chai na mandazi katika mtaa wa Umoja alinijia akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nimekuwa mteja wake kwa miaka mingi, naye huniita Mwalimu ijapokuwa hajapata kuniuliza ninafundisha nini wala ninafundisha wapi. "Mwalimu," akaniambia, "hebu nisomee hii. Mimi nilidhani ni risiti." Haikuwa risiti. Ilikuwa ilani iliyomwamuru afike katika ofisi moja ya umma kabla ya siku 7 kupita, akiwa na kibali cha biashara na cheti cha afya, au aeleze sababu za kutochukuliwa hatua. Siku hizo 7 zilikuwa zimekwisha. Siku ya nane lori lilikuja, likabeba jiko lake, karai lake, sufuria 2 na benchi la wateja. Uji ulimwagwa mtaroni mbele ya watoto waliokuwa wakielekea shuleni.

Ilani ile ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza cha mahakamani ambacho hata Mwingereza wa kawaida hukisoma akikuna kichwa. Mimi niliyehitimu shahada ya uzamifu katika isimu nililazimika kuirudia mara mbili ndipo nikaelewa inataka nini hasa. Mama yule aliacha shule akiwa darasa la tano. Aliipokea ilani kwa mikono miwili, akaitia katika mkebe pamoja na risiti zake za ushuru, akaendelea kukanda unga. Hakuidharau sheria hata kidogo. Aliihifadhi pale pale anapohifadhi vitu vyake vya thamani, ila hakujua imesema nini.

Kisa hiki si kigeni kwa msomaji anayeishi Jericho, Kayole, Dandora, Kariobangi au Huruma. Aghalabu tunapokizungumzia, huwa tunazungumzia ukatili wa askari au ukaidi wa wachuuzi. Leo ningependa tulitazame jambo ambalo halitazamwi sana, nalo ni lugha. Ninadai kwamba nusu ya ugomvi baina ya serikali na wauza chakula wa mitaa ya Mashariki mwa Nairobi ni ugomvi wa lugha. Sheria isiyoeleweka na yule inayemfunga haimwongozi, humtega. Na mtu aliyetegwa hajifunzi usafi, hujifunza kukimbia.

Hebu kwanza tuone sheria yenyewe inataka nini, kwa kuwa wengi wetu tunaokula katika vibanda hivyo hatujui. Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti mamlaka ya kutoa leseni na kusimamia shughuli zote zinazouzia umma chakula. Juu ya mamlaka hayo zimo sheria za kitaifa za tangu zamani: Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni sura ya 242 ya sheria za Kenya, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, ambayo ni sura ya 254 na ambayo kanuni zake za usafi wa chakula zilitolewa mwaka 1978. Kutokana na hizo, anayetaka kupika na kuuza hana budi kuwa na mambo kadhaa. La kwanza ni kibali cha biashara kutoka kaunti. La pili ni leseni ya usafi wa chakula, ambayo hutolewa baada ya afisa wa afya ya umma kupakagua mahali penyewe. La tatu ni cheti cha afya cha kila mtu anayeshika chakula, ambacho hupatikana kwa kupimwa hospitalini na kuhuishwa kila baada ya miezi 6. La nne ni idhini ya kikosi cha zimamoto. Na ikiwa biashara imo ndani ya gari, kama wafanyavyo vijana wengi siku hizi, gari hilo nalo sharti likaguliwe na liwe na bima kama magari mengine ya biashara.

Haki ya mtu ni kumpa. Kuanzia mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi iliunganisha sehemu kubwa ya karatasi hizo katika kibali kimoja, ili mfanyabiashara asizunguke kutoka dirisha hadi dirisha. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini kuziunganisha karatasi 5 kuwa 1 hakumsaidii mtu ambaye hakuelewa hata moja katika zile 5. Mzigo umefungwa kamba moja. Uzito wake haujapungua.

Sasa tuingie katika uwanja wangu. Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja karatasi za ruhusa. Tuna kibali, kinachotokana na kitenzi kukubali. Tuna leseni, tuliyoichukua kwa Waingereza. Tuna cheti, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Tuna idhini na ruhusa, ambazo asili yake ni Kiarabu, na tuna hati pia. Kwa mwanasheria, kila moja ina kazi yake: kibali ni cha biashara, leseni ni ya mahali, cheti ni cha mtu. Lakini nenda ukawaulize wauza chakula wa Barabara ya Rabai au wa soko la Mutindwa wana nini kati ya hivyo, nao wengi watakuonyesha rundo la risiti. Wamelipa ushuru wa siku, na kila siku wamepewa kijikaratasi chenye nembo ya serikali. Wakauliza kuna nini zaidi, wakajibiwa kwa maneno wasiyoyafahamu. Kwao, aliyelipa amekubaliwa. Mantiki hiyo haina kosa lolote. Nani kati yetu angelipa pesa kila siku kwa mwaka mzima, apewe risiti halali, kisha aamini kwamba muda wote huo alikuwa mhalifu?

Hapo ndipo tofauti ya maneno inapogeuka kuwa tofauti ya mkate. Risiti ya ushuru inathibitisha kwamba umelipa. Haithibitishi kwamba umeruhusiwa. Tofauti hiyo ingeweza kuelezwa kwa sentensi moja ya Kiswahili chepesi, ikapigwa chapa nyuma ya risiti yenyewe: "Karatasi hii si kibali cha biashara." Maneno 6 tu. Mama yule wa Umoja angeyasoma, akauliza, akapelekwa panapostahili, na jiko lake lingekuwa bado linawaka.

Wanafunzi wa historia wanajua kwamba hii si mara ya kwanza kwa mwenyeji wa jiji hili kubeba karatasi inayomhukumu huku hawezi kuisoma. Kuanzia mwaka 1920 au karibu na hapo, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kijikopo cha chuma. Ndani yake mlikuwa na habari za mwenyewe, mwajiri wake na mshahara wake, zikiwa zimeandikwa na mtu mwingine, kwa ajili ya mtu mwingine, katika lugha ya mtu mwingine. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, na baadaye Kaloleni, Makongeni na mitaa mingine ilipofuata, mitaa hiyo ilikusudiwa kuwalaza wafanyakazi wa reli na wa manispaa. Haikukusudiwa kuwapa nafasi ya kufanya biashara zao wenyewe. Mama aliyekaanga mandazi kwenye kona alikuwa tayari amevunja sheria kwa kuwapo tu.

Uhuru ulipokuja, mawazo yalibadilika polepole, na mengine hayakubadilika. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, ikatambua kwamba watu wanaojitafutia riziki nje ya viwanda na ofisi si mzigo kwa taifa bali ni nguzo yake, na kwamba kuwasumbua ni hasara. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, hapo hapo kwenye lango la mitaa yetu, akawaahidi vivuli vya kufanyia kazi. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka mzima wa sera kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Tazama neno hilo! Jua kali ni Kiswahili safi, lililobuniwa na watu wasio na paa, nalo limeingia katika vitabu vya uchumi vya ulimwengu bila kutafsiriwa. Lakini katikati ya ahadi ya 1985 na waraka wa 1992, mnamo Mei 1990, makao ya Muoroto na vibanda vyake, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, yalibomolewa na kuwa uwanja mtupu.

Ukiyapanga matukio hayo kwa safu, utaona jambo moja: serikali hutusifu kwa Kiswahili na kututoza kwa Kiingereza. Katika mkutano wa hadhara, mchuuzi ni shujaa wa jua kali. Katika karatasi ya shtaka, anageuka kuwa kitu kingine kabisa, chenye jina refu asilolijua.

Watu nao hawakukaa kimya. Walilitwaa neno la Kiingereza la baraza la jiji, wakalikatakata hadi likawa kanjo, kisha wakampa jina hilo askari anayewafukuza. Baraza la Jiji lenyewe lilikoma mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Kanjo hakukoma. Katiba imebadilika, nembo zimebadilika, sare zimebadilika, ila neno limebaki vile vile kwa sababu anachokifanya mwenye jina hilo hakijabadilika machoni pa mama mwenye karai. Sisi wanaisimu husema kwamba neno huishi maadamu kitu chake kiko hai.

Sasa nisije nikaeleweka visivyo. Wako watakaosema kwamba ninawatetea wachafu, kwamba vibanda hivyo vimejengwa juu ya mitaro, kwamba vinaleta kipindupindu na homa ya matumbo, na kwamba msomi anayekula katika kantini ya chuo hana haki ya kuwafundisha wengine mahali pa kula. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuikwepa. Mimi ni mzazi na ni mwalimu. Watoto wetu hula smoki na mayai ya toroli nje ya lango la shule, na wanafunzi wangu wa chuo huishi kwa chapati na maharagwe ya kibanda. Ugonjwa ukiingia katika sufuria moja, unaingia katika darasa zima. Kanuni za usafi ni za lazima, na cheti cha afya cha kila miezi 6 si uonevu. Ningetaka kila anayenikaangia mandazi awe nacho.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Mwaka 2017 kipindupindu kilipozuka Nairobi, miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wajumbe wa mikutano katika kumbi za fahari, watu waliokula kwa uma na kisu juu ya vitambaa vyeupe. Ugonjwa haukuuliza nani ana kibali ukutani. Kipindupindu hufuata maji, na katika mitaa yetu maji hufika kwa mgao au kwa mkokoteni wa mtungi. Kumwambia mama awe na maji safi yanayotiririka mahali ambapo jiji lenyewe halijapeleka bomba ni kumwamuru atimize wajibu wa serikali, kisha kumtoza faini kwa kushindwa.

Tena, yasemwayo kwamba wachuuzi hawasikii sheria si kweli. Tuna ushahidi wa macho. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa, na adhabu yake ilikuwa kali kupindukia: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Habari hiyo ilipigiwa mbiu redioni kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine kwa miezi kadhaa. Siku ilipowadia, mwenye mboga, mwenye omena na mwenye chapati wote walikuwa wameshajua. Chapati zikafungwa kwa karatasi. Kisha mwaka 2020, korona ilipoingia, kila kibanda kutoka Burma hadi Komarock kiliweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Hakuna aliyehitaji kupelekewa lori. Ujumbe ulikuwa mfupi, ulikuwa kwa Kiswahili, na ulieleza sababu. Mtu akielezwa sababu katika lugha yake, hutii hata kabla ya askari kufika.

Kwa hivyo swali si kama watu wa Eastlands wanaweza kufuata kanuni. Swali ni kama kanuni zinataka kueleweka.

Kisheria, jambo hili halifai hata kujadiliwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hakikusema Kiingereza kwanza na Kiswahili baadaye nafasi ikipatikana. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa haki na kwa utaratibu unaofaa. Nayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazitaka ofisi hizo, zinapoeneza habari, zizingatie lugha ya wenyeji, gharama na njia itakayowafikia watu wa mahali hapo. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike bungeni. Tangu mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa. Na kila tarehe 7 Julai sasa tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na hotuba. Hotuba zikiisha, tunarudi ofisini kujaza fomu za Kiingereza.

Nami nimeziona fomu hizo. Niliandamana na mama yule hadi ofisini, nikaketi naye kwenye foleni, nikaijaza fomu kwa mkono wangu. Swali la kwanza lililotushinda halikuwa la lugha peke yake. Fomu ilitaka nambari ya ploti, jina la jengo, ghorofa na sanduku la posta. Yeye yuko kati ya mti na nguzo ya stima, hatua chache kutoka lango la shule. "Andika nguzo," akaniambia. Karani aliitazama nguzo yangu, akacheka, akaturudishia karatasi. Hapo nikatambua kwamba fomu pia ni lugha. Fomu inayouliza ghorofa imekwisha kuamua ni nani mfanyabiashara na nani si mfanyabiashara, hata kabla hujaushika wino. Kijana mwenye toroli, mwenye mkokoteni wa mahindi ya kuchoma, au mwenye gari la chakula linaloegeshwa Donholm adhuhuri na Buruburu jioni, hana jibu la swali hilo. Anaambiwa aombe kibali katika sarufi isiyokuwa na nafsi yake.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine, na tunaweza kujifunza kutokana na mafanikio yao na makosa yao. Tanzania, mnamo Desemba 2018, Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 za huko, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kitambulisho kilikuwa kwa Kiswahili, na kilimfuata mtu badala ya kufuata jengo. Tazama pia jinsi wenzetu wanavyomwita mpishi wa barabarani: mama lishe. Jina lenyewe ni heshima; linasema kwamba anawalisha watu. Sisi tuna jina gani rasmi la kumwita, zaidi ya mchuuzi asiye na kibali? Hata hivyo tusiwapambe mno. Kitambulisho hakikuwakinga wengi wao wakati wachuuzi wa Dar es Salaam walipoondolewa barabarani mwaka 2021. Karatasi nzuri bila mahali pa kusimama ni nusu ya dawa. India walikwenda mbali zaidi kwa sheria yao ya mwaka 2014: kila mji sharti uwe na kamati ya uchuuzi, na wachuuzi wenyewe wasipungue asilimia 40 ya wanakamati. Huko, kwa maandishi angalau, anayetungiwa kanuni ana kiti katika chumba zinamotungwa.

Naweza kusikia pingamizi mbili zaidi. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za sheria na afya. Hiyo ni hekaya ya zamani. Tanzania iliifanya lugha hii kuwa lugha ya sheria zake na mahakama zake kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021, na maneno hayakwisha. Mimi mwenyewe nimeeleza kanuni zote muhimu za usafi wa chakula katika makala haya bila kukwama. Pingamizi ya pili ni kwamba vijana wa Eastlands huzungumza Sheng, wala si Kiswahili sanifu. Ni kweli huzungumza Sheng, nami naipenda kuisikiliza. Lakini wote wamefundishwa Kiswahili shuleni, wote husikiliza habari kwa Kiswahili, na sijaona hata mmoja aliyeshindwa kuelewa sentensi kama "Nawa mikono kabla ya kushika chakula." Wanaoleta pingamizi hii hawajawahi kuileta dhidi ya Kiingereza.

Basi lifanyike nini? Sipendekezi miujiza. Kwanza, kaunti ichapishe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi na kuubandika katika kila ofisi ya wadi, kila soko na kila zahanati. Ukurasa huo utaje mambo yanayotakiwa, ada ya kila kimoja, siku ambazo afisa anapaswa kumaliza kazi yake, na mahali pa kulalamika akishindwa. Ada ikijulikana na wote, yule anayedai chai juu yake atakosa pa kujificha. Pili, ilani yoyote inayompa mtu siku za kujitetea iandikwe kwa lugha zote mbili rasmi, la sivyo isihesabike kuwa imemfikia. Tatu, fomu iwe na nafasi ya mtu asiye na ploti: aandike mtaa, barabara na alama iliyo karibu, hata kama alama hiyo ni nguzo ya stima, na kibali kimfuate yeye na chombo chake. Nne, ada iweze kulipwa kwa awamu, ili ushuru anaolipa kila siku uhesabiwe ndani yake. Tano, panapotengwa mahali pa kuuzia chakula, bomba la maji litangulie kabla ya mkaguzi. Yakishatimizwa hayo, nitakuwa wa kwanza kusema kwamba anayepika kwa uchafu afungiwe, bila huruma na bila kubembelezwa.

Nanyi walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, msiseme kwamba hili ni la wanasiasa. Mtaala mpya umeweka mafunzo ya kuihudumia jamii. Basi jamii ndiyo hii, iko nje ya lango. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato chochote anaweza kuchukua ilani moja ya kweli, akaitafsiri pamoja na darasa lake, na wanafunzi wakampelekea tafsiri hiyo mama anayewauzia mandazi. Hilo litawafundisha ufahamu, tafsiri, uraia na utu katika kipindi kimoja, tena kwa matini yenye uhai kuliko barua ya kuomba kazi kwa meneja ambaye hayupo. Sisi wa vyuo vikuu tuna idara nzima za Kiswahili zenye wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Wakati mwingine tunawatuma watafute mbali kile kinachochemka katika sufuria ya jirani.

Mama wa Umoja alirudi kazini baada ya wiki tatu. Alikopa kwa chama chake akanunua karai jingine, na jiko dogo kuliko lile la kwanza. Amepimwa, na cheti chake cha afya amekifunga katika karatasi ya nailoni ili mvuke usikiharibu. Kibali bado anakisubiri, kwa sababu ya ile nguzo. Kila karatasi anayopewa sasa, hata iwe tangazo la kanisa, huniwekea kando hadi nipite. "Mwalimu, nisomee kwanza," huniambia, huku akinimiminia uji.

Nami humsomea. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea kwamba kila mwenye karai atakuwa na mteja mwenye shahada ya uzamifu. Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa jambo hili ningewaomba radhi wahenga, niwapinge. Asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa maana, na aambiwe mapema, kwa lugha yake, kabla ya lori kufika.